Ganda Halipatikani Tena

Shinyanga, Jumanne, 8 Julai 2025

Nati ya kumwagia oili ya giaboksi imetoka na uzi wake. Sikuipiga nyundo wala sikuiongezea spana bomba. Niliishika kwa spana fupi, ikazunguka, ikaendelea kuzunguka bila kulegea wala kukaza, kisha ikaniangukia mkononi pamoja na oili yote. Katikati ya meno yake kumejaa alumini iliyochunika kutoka kwenye tundu. Nimeiosha kwa petroli nikaiweka mezani juu ya kitambaa cheupe, vijana ninaowafundisha waitazame vizuri kabla sijawaambia lolote.

Gari ni Land Rover 109 ya Series IIA, pikapu, injini ya petroli ya lita 2.25. Series IIA zilitengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1961 hadi 1971, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imeshapita miaka 50. Mwenyewe ni mzee mstaafu wa Mwadui. Aliinunua kwenye mnada wa chama cha ushirika, enzi ambazo magari ya namna hii ndiyo yaliyofika vijijini kwenye pamba masika na kiangazi. Anaitumia mpaka leo kubeba maji na pumba za ng'ombe. Si gari la maonyesho. Ni gari la kazi ambalo halijapata mrithi.

Nati yenyewe si ya Solihull. Ni plagi ya bomba la maji ya nusu inchi, yenye kichwa cha mraba, ile inayouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi kuanzia hapa hadi Katoro. Kuna gereji fulani huko nyuma ilikuta uzi wa asili umelika, ikatafuta kitu kinachokaribia, ikakilazimisha mpaka kikakubali. Plagi hizo huchongwa kwa mteremko: kwa kila milimita 16 za urefu, unene unaongezeka milimita 1. Fundi bomba anaupenda mteremko huo kwa sababu ndio unaozuia maji. Lakini bomba lake ni la chuma, na ganda hili la giaboksi ni alumini ya kusubu. Ukikaza plagi ya mteremko ndani ya alumini, umepigilia kabari. Tundu linatanuka, meno yanabaki yameshikana kwa ncha tu, na kila anayekuja baadaye akiona tone la oili anaongeza nguvu. Hatimaye inafika siku kama ya leo.

Mzee alisimama mlangoni muda mrefu. "Fundi, usiniambie limekufa."

"Halijafa, mzee wangu. Nipe muda tu. Na akija mtu kukushauri ulichomelee, mwambie lipo kwangu."

Alhamisi, 10 Julai

Leo nimepima, sikugusa spana ya kukaza.

Land Rover za zamani zina maboksi mawili yaliyoungana: giaboksi lenyewe, linalobeba lita 1.5 za oili, na transfa nyuma yake, inayobeba lita 2.5. Kila moja lina nati yake ya kumwagia na nati yake ya kujazia. Sili iliyo kati yao ikichoka, oili huhama chumba, na fundi asiyepima kote kuwili ataapa kwamba giaboksi linamwaga ardhini kumbe oili imelala kwenye transfa. Transfa ya mzee ipo kwenye kiwango chake. Uvujaji wote ulikuwa kwenye ile plagi.

Kuna tundu jingine chini ya nyumba ya klachi ambalo vijana wengi hawalielewi. Waliounda gari hili walilitaka libaki wazi, ili oili ikipenya kwenye sili za injini au za giaboksi itoke nje badala ya kuiloanisha klachi. Nati yake hufungwa pale gari linapovuka mto, kisha hutolewa. Hapa nimeikuta imefungwa mpaka imeota kutu. Nimeitoa, oili nyeusi kidogo ikatoka, nikaifunga nati kwenye waya karibu na betri ambapo dereva ataiona.

Oili iliyomwagika nimeipitisha kwenye kitambaa. Hakuna weupe wa maziwa, kwa hiyo maji hayakuingia. Tope jeusi limeshika kwenye sumaku, na hilo ni la kawaida kwa umri wake. Ila kuna mng'ao wa njano usioshikwa na sumaku. Hiyo ni shaba ya sinkro. Series IIA ina sinkro kwenye gia ya tatu na ya nne peke yake. Kwenye ya kwanza na ya pili dereva lazima ajue kusubiri mzunguko wa injini. Mzee anajua. Wajukuu zake hawajui. Giaboksi lazima lifunguliwe hata hivyo, na jambo hili limenirahisishia uamuzi.

Jioni nimefanya kipimo cha chaki. Nimepaka mafuta ya taa kuzunguka tundu, nikasubiri, nikafuta mpaka pakakauka kabisa, nikasugua unga wa chaki. Kama ganda lina ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake hurudi juu na kuchora mstari wa unyevu kwenye chaki, hata ufa ambao jicho haliuoni. Tulikaa tukitazama. Chaki ilibaki nyeupe, kavu, bila mstari. Nilishukuru kwa sauti. Kabari ile ingeweza kulipasua ganda zamani sana.

Ijumaa, 11 Julai

Siku nzima watu wamenipa ushauri.

Wa kwanza alishauri plagi ya robo tatu, yaani bomba kubwa zaidi, tukate uzi mpya kwa nguvu tuendelee na maisha. Huo ni ugonjwa uleule kwa kipimo kikubwa zaidi. Tutakuwa tumekula nyama nyingi ya ganda, na mteremko utaendelea kulitanua. Mara ya tatu hapatakuwa na nyama ya kukata.

Wa pili ana gundi za mirija miwili zinazochanganywa. Nazitumia mwenyewe kwa mambo mengine. Lakini nati ya kumwagia hufunguliwa, na gundi haifungui. Aliyeziba tundu la kumwagia amemnyima anayefuata kumwaga oili, na giaboksi lisilomwagwa oili hujisaga lenyewe.

Wa tatu ni rafiki yangu mchomeleaji, mtu mahiri, ana mashine ya gesi ya agoni. Tumezungumza kwa urefu kwa sababu namheshimu. Anakubali mwenyewe kwamba alumini iliyonyonya oili zaidi ya nusu karne huchemka chini ya moto: oili inatoka kwenye vitundu vya usubuji na kuacha mapovu ndani ya weldi. Zaidi ya hapo, joto linasogeza nyumba za beringi. Shafti mbili zinazotakiwa kwenda sambamba zikipotoka kidogo tu, gia zinaanza kulia, na hakuna oili itakayozinyamazisha. Nikamkumbusha pia kwamba kuna maganda ya zamani, kama ya giaboksi la Volkswagen Beetle, yaliyosubiwa kwa magnesiamu, ambayo vumbi lake likishika moto huwezi kulizima kwa maji. Kijana anayejifunza lazima ajue metali iliyo mbele yake kabla hajawasha moto.

Wa nne akasema tununue ganda jingine. Hapo ndipo nilipokaa kimya kidogo. Wapi? Series zilikoma kutengenezwa 1985. Kwa wauza vyuma chakavu wa hapa mjini alumini hununuliwa kwa kilo, na maganda ya injini na giaboksi ndiyo yanayopendwa kwa sababu ni mazito. Yanayeyushwa, yanakuwa sufuria. Siwalaumu wasubuji, wanalisha watoto, na sufuria zao tunapikia wote. Lakini kila ganda la Land Rover lililoingia kwenye tanuri halitatoka tena likiwa ganda. Hili la mzee ndilo lililopo.

Kwa hiyo nimeandika uamuzi ukutani kwa chaki: bushi ya chuma. Tunapanua tundu kidogo iwezekanavyo, tunakata uzi nyoofu, tunaingiza bushi yenye uzi nje na uzi ndani, na nati inaishi ndani ya bushi. Uzi wa bushi ukichakaa siku moja, bushi inatolewa, nyingine inakerezwa. Nati ni ya kutupwa, bushi ni ya kubadilishwa, ganda halibadiliki.

Jumapili, 13 Julai

Tumelishusha giaboksi. Kusema kweli, kwenye gari hili halishuki, linapanda: unafungua mbao za sakafu, unatoa boksi la viti lote, halafu unaliinua kwa kamba kupitia mlangoni. Boliti za boksi la viti zilikuwa zimeshika kutu, nyingine tulizikata kwa msumeno. Vijana walilalamika kwamba ingekuwa haraka kulala chini ya gari na kutoboa kwa drili ya mkono. Nimewaonyesha kwa rula na kona kwa nini haiwezekani. Drili ya mkono ikielekea juu haisimami wima. Uzi ukiinama hata kidogo, kichwa cha nati kinakaa upande mmoja wa washa na upande wa pili unavuja, nasi tutarudi kwenye kuongeza nguvu. Tena chembe za alumini zinaweza kuingia kwenye gia.

Gia zote zimevuliwa, zimepangwa kwa mpangilio wake juu ya magunia ya pamba yaliyofuliwa. Beringi mbili zimechoka. Ganda tupu limeoshwa kwa dizeli, kisha kwa maji ya moto na sabuni. Likiwa safi ni zuri kulitazama.

Geita, Jumanne, 15 Julai

Shinyanga wapo wakerezaji wazuri, SIDO na kwingineko, lakini tepu niliyoitaka haikuwepo kwa yeyote. Nimekuja Geita na ganda ndani ya gunia, mapajani, basi zima likitaka kujua nimebeba nini.

Tumepita Kigongo–Busisi juu ya daraja jipya la J.P. Magufuli, lililofunguliwa mwezi uliopita, tarehe 19 Juni. Kilomita 3 juu ya maji ya Ziwa Victoria zinaisha kabla hujamaliza kuangalia pande zote mbili. Nakumbuka foleni za kivuko pale, malori ya mchanga wa dhahabu na ya ndizi yakisubiri pamoja. Abiria mmoja mama alikuwa akilia taratibu, akasema mgonjwa wake aliwahi kumfia kwenye foleni ile. Hakuna aliyemjibu haraka. Mzee mmoja tu alisema, "Pole, mama. Hawatasubiri tena."

Dhahabu ilichimbwa Geita kwa mgodi mkubwa kuanzia 1936 hadi 1966, mji ukanyamaza, kisha mgodi mpya ukafunguliwa 2000. Lakini ninachokifuata mimi si mgodi mkubwa. Ni karakana zinazowahudumia wachimbaji wadogo: watu wenye maduara ya kuchimbia na makarasha ya kusagia mawe, ambao shafti ikikatika leo wanaitaka kesho asubuhi, kwa sababu mawe yamelundikana mwaloni na vibarua wanataka kula. Haraka hiyo imezaa mafundi. Katika karakana niliyofika leo sakafu imejaa nyundo za karasha zilizoliwa na mawe, shafti za winchi, miili ya pampu za kutolea maji kwenye maduara. Wanakereza kuanzia alfajiri hadi umeme unapokatika, na ukikatika wanawasha jenereta.

Mkerezaji mkuu ni mwanamke, amesomea VETA, umri wa binti yangu wa kwanza. Amenipokea kwa "Shikamoo, baba," akalichukua ganda kabla hata sijakaa, akaliinua kwenye mwanga, akapitisha kidole ndani ya tundu. "Nani alifanya hivi?" Nikamwambia haisaidii kujua. Akakubali.

Nilikuja na michoro miwili, na ndicho hasa ninachotaka kukiandika leo kabla sijalala.

Mchoro wa kwanza una kola ndani. Bushi inaingizwa kutokea ndani ya ganda, kola yake inakaa upande wa oili, ili nati ikikazwa na kuvuta kuelekea nje, kola izuie. Mchoro wa pili una kola nje, chini ya kichwa cha nati. Kwa mtazamo wa haraka wa kwanza ndio imara. Wahunzi wa zamani wangeuchagua bila kufikiri, na mimi nilikuwa nimeinamia huko.

Yeye aliitazama yote miwili, akachukua kalamu, akachora mishale. "Baba, tufuate nguvu inakopita. Ukiweka kola ndani, kichwa cha nati kinasukuma ganda kutoka nje, kola inalibana kutoka ndani. Alumini iko katikati, inabanwa kila unapokaza. Kola ikiwa nje, kichwa cha nati kinakaa juu ya kola, na meno ya nati yanavuta bushi hiyohiyo. Nguvu inazunguka ndani ya chuma, inaishia kwenye chuma. Ganda halitajua kama nati imekazwa au haijakazwa."

Nilirudia maneno yake polepole mpaka yakaniingia. Ni kweli tupu. Kazi ya uzi wa alumini inabaki moja tu, kuizuia bushi isizunguke nati inapofunguliwa, na hiyo ni kazi nyepesi. Tatizo lililoliua tundu hili, yaani mtu mwenye mkono mzito, linaondolewa kwenye alumini na kupelekwa kwenye chuma kinacholiweza. Tena kola ya ndani ingesimama juu ya sakafu ya ganda na kuacha dimbwi la oili chafu lisilomwagika. Tumechana mchoro wa kwanza.

Kisha kipimo. Uzi wa nje wa bushi ungeweza kuwa wa bomba la robo tatu, milimita 26.4, lakini hiyo inataka tundu la milimita 24.5. Alipendekeza M24 yenye hatua ya 1.5, ambayo inataka tundu la 22.5 tu. Tofauti ya milimita 2 kwenye kipenyo inasikika ndogo, ila katika ganda ambalo halina mwenzake kila milimita ni akiba ya fundi wa kesho. Tepu ya M24 kwa 1.5 anayo kwa sababu moja: viungio vya mipira ya haidroliki ya mitambo ya kuchimbia vina kipimo hicho. Ndiyo maana haikuwepo Shinyanga na ipo hapa. Dhahabu imeileta tepu hii, Land Rover itafaidi.

Uzi wa ndani utakuwa wa bomba wa inchi 3/8, lakini nyoofu, si wa mteremko, meno 19 kwa inchi. Nati itakerezwa papa hapa kwa uzi huohuo. Ukuta wa chuma unaobaki kati ya uzi wa nje na wa ndani unapita milimita 2.5. Unatosha.

Nikauliza kuhusu kutumia shaba. Akasema shaba ikikutana na alumini mahali penye tope na maji, alumini ndiyo inayoliwa. Chuma laini cha kawaida, basi.

Geita, Jumatano, 16 Julai

Ganda limefungwa kwenye meza ya drili kubwa ya kusimama, juu ya vipande viwili vya chuma vilivyosawazishwa. Alikagua usawa wake kwa saa ya kupimia, akiingiza karatasi nyembamba chini ya kona moja mpaka sindano ikatulia. Hakutumia kekee ya 22.5, kwa sababu kekee nene ikiingia kwenye tundu lililopo hudaka alumini na kuirarua. Alitumia kichwa chenye ncha moja kinachonyoa ukuta kidogo kidogo. Tundu lilipofika kipimo alishusha tepu kwa mkono, ikiongozwa na mhimili wa drili ili isiiname, mafuta ya taa yakidondoka muda wote. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, chembe zinakatika. Mafuta ya taa ndiyo rafiki wa alumini. Oili nzito huifanya inate kwenye meno ya tepu.

Mteja mmoja aliingia na shafti ya karasha iliyovunjika, akataka aachiwe mashine mara moja, maana kila saa anayopoteza ni fedha. Binti akamwambia, bila kuinua macho, "Subiri, kaka. Hapa siwezi kusimama katikati." Mtu yule akasubiri. Baadaye akaja kuangalia mwenyewe, na alipoelezwa ni gari la mwaka gani akavua kofia.

Bushi imekerezwa, kola ya milimita 3. Kwa kuijaribu imeingia kwa vidole mpaka mwisho na haichezi.

Shinyanga, Ijumaa, 18 Julai

Nimerudi jana usiku. Leo ni gundi.

Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa kipenyo cha milimita 24 na joto linaloongezeka nyuzi 60, tundu linaizidi bushi kwa karibu sehemu 2 kati ya 100 za milimita. Ni kidogo, lakini ndiyo mlango wa bushi kuanza kuzunguka pamoja na nati. Kwa hiyo nyuzi zote zimefutwa kwa thina mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe, gundi ngumu ya kufungia nyuzi imepakwa, bushi imekazwa, na imeachwa ilale usiku. Kesho natoboa tundu dogo kwenye mpaka, nusu kwenye kola nusu kwenye ganda, niingize skrubu ya milimita 4 isiyo na kichwa. Hiyo ndiyo komeo. Atakayetaka kuitoa bushi aanze na skrubu, kisha aipashe joto ili gundi ilegee.

Vijana nimewapa kazi ya washa za shaba. Wamezichoma mpaka zikawa nyekundu na kuzitumbukiza majini. Mdogo alibisha kwamba zitakuwa ngumu, kwa sababu ndivyo patasi inavyofanywa. Nikampa moja aikunje kwa vidole. Chuma cha patasi hukazwa hivyo, shaba hulainika. Washa laini hujaza mikwaruzo yenyewe, na fundi hahitaji kutumia nguvu.

Jumamosi, 26 Julai

Beringi mpya zimepatikana Mwanza, giaboksi limefungwa, limerudi chini ya sakafu yake.

Oili imenisumbua kuliko beringi. Madukani wananipa GL-5 wakisema ni bora kwa sababu namba ni kubwa. Kwa diferensha sawa. Kwa giaboksi lenye sinkro za shaba nataka GL-4 ya 90, kwa kuwa viambato vya salfa vilivyoongezwa kwenye GL-5 vinaweza kuila shaba. Nimeipata kwa muuza vipuri vya matrekta.

Lita 1.5 zimeingia mpaka zikachungulia kwenye tundu la kujazia. Tumekwenda Kolandoto, Maganzo mpaka Mwadui na kurudi, mzee akiendesha mwenyewe. Kwenye tuta la Maganzo alirudi gia ya pili bila mlio wowote. Nimelala chini ya gari likiwa bado na joto, na karatasi nyeupe. Kavu.

Jumapili, 10 Agosti

Mzee amelileta kukaguliwa baada ya wiki mbili za maji na pumba. Oili ipo kwenye kiwango chake. Nati imefunguka kwa spana fupi, uzi wake safi, bushi haikutikisika. Nimemwaga, nimechuja, nimerudisha. Mng'ao wa njano umepungua sana.

Nimeandika haya kwenye kipande cha bati na kukifunga chini ya boksi la viti kwa ribiti mbili, nami nayanakili hapa kwa ajili ya yeyote atakayelirithi daftari hili au gari lile. Uzi wa nati ni 3/8 ya bomba, nyoofu. Plagi ya bomba ya mteremko isiingizwe humu kamwe. Nati ikivuja, badilisha washa, usiongeze nguvu. Bushi ni M24 kwa 1.5, ina skrubu ya komeo upande wa kulia. Oili ni GL-4 ya 90, lita 1.5. Na kabla ya kufungua nati ya kumwagia, fungua kwanza ya kujazia, ikigoma, usimwage.